Shamba Lililopanda Kitandani

Jana usiku niliota shamba letu limeingia ndani, likapanda kitandani.

Sikushangaa. Nilikuwa hoi, na mtu aliye hoi hana nguvu za kushangaa. Tena nilikuwa nimelala baada ya kumkatalia mke wangu, Tusekile, kwa mara nyingine. Shamba la chini tumelilima mahindi mwaka nenda mwaka rudi, mpaka sasa linatoa magunzi matupu. Yeye anataka tulipande nyasi misimu miwili, tuzikate tulishe mtambo wetu wa gesi ya kupikia, tope linalobaki lirudishwe shambani kama mbolea, ndipo tupande mahindi tena. Nikamwambia marehemu mama alinilea nikijua kuwa shamba lenye nyasi ni la mvivu. Asubuhi mwenye maksai anakuja kulima. Basi, yameisha.

Shamba linavuta blanketi. Limekuja na matuta yake yote, linanibana ukutani.

"Sogea, Ambakisye," linasema. "Sijalala tangu mama yako aolewe hapa."

Nikaliambia asubuhi kuna kazi. Likasema linajua, ndiyo maana limekuja kuaga. Likijinyoosha kidogo linaondoka, linamtafuta mtu anayejua kupumzisha. Likanigeuzia mgongo. Hapo niliogopa kweli, maana kwetu asiye na shamba hata salamu anapewa nusu.

Kufumba na kufumbua niko jikoni. Jiko la gesi limeota nyasi za bluu badala ya moto, na juu yake sufuria ya chai inachemka vizuri tu. Mkono wangu hauna subira. Ukiona nyasi, unang'oa. Nang'oa mche wa kwanza, nang'oa wa pili. Chai inaacha kuchemka. Tusekile ananitazama, na nyasi zinaendelea kuisha.

Mama naye yupo, kainama, anapalilia sakafu ya saruji. Amekonda kuliko siku tulipomzika.

"Mama, mbona hupumziki?"

"Nani kaniruhusu?" Hainui hata kichwa. "Niliona nikikaa chini watu watasema. Sasa hata huku napalilia."

Nilimhurumia. Nikanyoosha mkono nimpokee jembe. Jembe likakataa.

"Usiwe na haraka," likasema. "Akimaliza yeye, zamu ni yako."

Nikamuuliza mama atamaliza lini. Akaitazama sakafu, ikawa imerefuka mpaka ng'ambo ya mto, yote nyeupe, safi, haina hata jani moja. Akajipangusa jasho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeshachelewa. Mwache mwenzangu alale."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na Tusekile amekaa ukingoni mwa kitanda akikodolea shuka macho. Katikati, mahali tunapoachiana nafasi tukigombana, nyungunyungu alikuwa anajikokota polepole, mnene, ana udongo mbichi mwilini. Kwenye shamba la chini sijamwona nyungunyungu tangu nikiwa mtoto.

Nje maksai walikuwa wameshafika, namsikia mwenye maksai akiwafunga nira.

Nikamchukua yule nyungunyungu kiganjani, nikatoka bila viatu. Nikamwomba mwenye maksai awarudishe nyumbani, tena awapitishe taratibu, shamba limelala.