Chumba Kisicho na Salamu

Shemeji yangu Abner alipokuja kuniomba chumba cha marehemu mume wangu, alikuja na ndizi. Mkungu mzima begani, na kwangu ndizi zinaoza shambani. Nikajua ana shida kubwa.

"Mama Sylvanus," akasema, "nataka pahali pa kufanyia kazi ya mikono."

"Kazi gani?"

"Ya risasi."

Nikampa kiti. Jambo kama hilo halisikizwi mtu akiwa amesimama.

Abner ni mdogo wa mume wangu Manasseh, ambaye Mungu alimchukua miaka sita iliyopita. Abner alikuwa askari wa wanyamapori, akastaafu, akarudi hapa Kebirigo kuchuma majani chai na kuongea na watu. Hiyo ya kuongea anaiweza zaidi. Ana bunduki moja yenye leseni, na mara moja kwa mwezi huenda klabuni kulenga shabaha na wazee wenzake. Wanapiga karatasi. Siku moja nilimuuliza kama hiyo si dhambi, akaniambia, "Shemeji, karatasi haina mama." Nikaacha.

Sasa akanieleza kwamba risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba halitupwi. Linasafishwa, linabanwa lirudi umbo lake, linatiwa fataki mpya chini, baruti ndani, na kichwa kipya juu. Linakuwa risasi tena. Wenzake wawili wanajitengenezea nyumbani, na wanamshinda kila mara, kwa sababu zao zinaruka sawasawa, lakini zake za dukani kila moja ina tabia yake. Alikuwa amepata kibali, na mashine ya kubana, mizani ndogo na kitabu. Kilichobaki ni chumba chenye kufuli, kisicho na moto wala watoto.

"Na Emily anasemaje?" Emily ndiye mke wake.

"Emily amesema nichague, yeye au baruti."

"Ukachagua?"

"Nikaja kwako."

Nilimwambia alete karatasi. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini karatasi yenye muhuri naisoma mpaka mwisho, na nyuma pia. Zote zilikuwa na jina lake, tarehe zake bado hazijapita. Hapo sikuwa na neno.

Neno nilikuwa nalo kwa kazi yenyewe. Chumba anachotaka ndicho Manasseh alikuwa akisugulia mawe laini ya Tabaka, akitoa vibakuli na twiga wa kuuzia wageni, na mpaka leo ukipiga ukuta unatoa vumbi jeupe. Sikuogopa kukitoa. Chumba kisichotumika kinaingia panya. Lakini nilimuuliza Abner jambo moja.

"Hiyo baruti ikiingia mara mbili kwa ganda moja?"

Hakutaka kujibu, ila yeye si mwongo. "Bunduki inaweza kupasuka."

"Mbele ya uso wa nani?"

"Wangu."

"Nimezika mtu mmoja wa boma hii," nikamwambia. "Sina haraka ya kuzika mwingine. Nitakupa Jumapili mbili. Nitakaa hapo ndani nikiangalia. Nikiona unafanya kwa wasiwasi au kwa haraka, unabeba mashine yako na urafiki unaendelea."

"Na ukiona vizuri?"

"Chumba ni chako."

Jumapili ya kwanza, ambayo kwetu Wasabato ni siku ya kazi, alifika asubuhi amenyoa ndevu, kama anayeenda kuposa. Nilikuwa nimefagia na kuosha meza kwa sabuni. Niliketi kwa kona na Biblia yangu, lakini sikusoma. Nilimwangalia mikono.

Mikono yake ni mizuri, siwezi kumnyima hilo. Alipanga maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, kila ganda kwa shimo lake, mdomo juu. Akasoma kitabu, akaangalia mizani, akasoma tena. Akapima baruti kidogo, akaimimina kwa faneli ndogo ndani ya ganda la kwanza. Akapima tena, la pili. Alikuwa amekaza midomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikasema moyoni, huyu ataweza.

Alikuwa amefika safu ya tatu, hodi ikapigwa.

Alikuwa Bosire, jirani yetu na mzee wa kanisa. Mtu mwema, lakini salamu yake ni shamba la kulima. Na Abner naye haachi salamu ya mtu chini hata dakika moja. Nimemwona akiacha ugali wa moto. Aliweka mizani, akafungua mlango, akatoa mkono.

"Habari ya kwako?" Bosire akauliza.

"Nzuri. Ng'ombe alizaa?"

"Alizaa dume."

"Pole. Na mama?"

"Mguu wake bado."

Wakatoka mguuni wakaingia kwa majani chai, wakatoka kwa majani chai wakaingia kwa barabara. Mimi nilikuwa naangalia kibao.

Bosire alipoenda, Abner aliketi. Akaangalia matundu, akakuna kidevu, akaangalia tena. Kisha akachagua ganda, akamimina. Nasema akachagua. Kabla ya hapo alikuwa anajua.

Nilimwacha amalize safu, kwa sababu mtu mzima hakatizwi na mwanamke mbele ya mashine yake. Alipoweka faneli chini nikamuuliza, "Ulianzia wapi Bosire alipotoka?"

"Pale nilipoachia."

"Unajua au unadhani?"

Akachukua tochi, akamulika ndani. "Zinaonekana sawa."

"Zinaonekana."

"Mama Sylvanus, mimi nilishika bunduki kabla hujaolewa hapa."

"Na mimi nilishika trei ya Meza ya Bwana. Ngoja nikwambie ya trei."

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa marehemu. Nilipokuwa shemasi mpya, nilifundishwa kuandaa Ushirika kule mjini, Nyanchwa, na mama mmoja anayeitwa Margret, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa na mkono usiotetemeka. Vile vikombe vidogo vinapangwa kwenye trei, kila kimoja kwa shimo lake, na unamimina divai ya zabibu kimoja kimoja, sawa kwa sawa, ili mtu asione mwenzake amepewa zaidi. Margret alinionya kwamba katika chumba hicho hatusalimiani. Nikaona ni maringo ya watu wa mjini. Siku moja nikiwa peke yangu kwa kanisa letu, mama mmoja akapitisha kichwa mlangoni akaniuliza habari ya watoto. Nikamjibu vizuri, nikarudi kwa trei, nikaendelea.

Wiki mbili baadaye mzee Nyangate akaniita kando. Akaniambia polepole kwamba siku ile kikombe chake kilikuwa kitupu. Alikiinua, akanywa hewa, akasema amina, akakirudisha. Alidhani labda Mungu alikuwa anamwambia kitu. Alikuwa amekaa wiki mbili nzima akitafuta dhambi yake.

"Tangu siku hiyo," nikamwambia Abner, "nikisalimiwa nikiwa kwa trei sijibu. Na kama nimejibu, namwaga zote, naanza."

"Hiyo ni divai."

"Ndiyo maana nakwambia. Mimi nilimnyima mzee tone moja. Wewe utajinyima macho."

Nikamuuliza, "Kitabu chako kinasemaje mtu akipoteza hesabu?"

Akafungua ukurasa, ingawa niliona anaujua. "Kinasema umwage."

"Basi kitabu kiliandikwa na mtu aliyewahi kusalimiwa."

Alicheka kidogo bila kutaka. Lakini hakumwaga. Alisema atamwaga zile tano za mwisho tu, maana ndizo alizomimina baada ya Bosire. Nikamwambia kama hajui alianzia wapi, basi hajui tano ni zipi. Akasema nimekuwa mgumu. Nikamwambia mashine si nzito, naweza kumsaidia kuifikisha barabarani.

Akaenda mlangoni akasimama akinipa mgongo. Niliomba kimya, sikuomba maneno mengi. Nilimpenda Abner kwa sababu anacheka kama kaka yake, na sikutaka aende na kisirani akafanyie kazi hii nyuma ya choo cha mtu mwingine, asipokuwa na wa kumwangalia.

Alirudi, akaketi, akachukua ganda la kwanza. Akaliinamisha juu ya kopo la baruti, akaligonga kwa kidole mpaka likatoa ya mwisho. Kisha la pili. Hakuanza upya siku hiyo. Alifunga kila kitu, akanishukuru kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino, akaenda.

Sikujua kama atarudi. Katikati ya wiki nilimwona kwa kituo cha majani chai, akaniamkia vizuri tu, hakutaja chochote. Sabato tuliimba kwa kiti kimoja, hakutaja.

Jumapili ya pili alikuja saa tatu. Mfukoni alikuwa na kitambaa cheupe, kipya. Hakuniambia ni cha nini. Alipomimina safu ya kwanza akaifunika kwa kitambaa, akaacha ile anayofanyia kazi tu wazi. Nikainamisha kichwa kwa Biblia ili asinione nikitabasamu.

Alikuwa safu ya tatu, tena.

"Hodi wenye boma."

Bosire. Mkono wa Abner ulisimama hewani na faneli. Niliona shingo yake ikigeuka yenyewe, kama ya kuku. Mimi sikusaidia. Kama ningesema neno, nisingejua atafanya nini siku ambayo sipo.

"Hodi," Bosire akasema tena. Kisha, "Abner, nakusikia unapumua."

Abner akafumba macho. Akayafungua, akaangalia mizani, akamimina. Ganda lililofuata. Jasho lilikuwa linamtoka sikioni.

"Ama mmekuwa watu wa Nairobi?"

Hapo nikainuka, nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikamshika Bosire mkono, nikamwongoza mpaka barazani, nikamwekea uji wa wimbi. Alikuwa amekasirika kweli.

"Mtu anaita hodi, mtu yuko ndani, mtu hajibu. Niliwahi kuona hivyo wapi?"

"Humo ndani hakuna salamu," nikamwambia. "Ni kama chumba cha kuandalia Ushirika."

"Hata mzee wa kanisa?"

"Hata pasta."

"Na moto ukishika?"

"Ukisema moto atatoka. Ukisema habari hatatoka."

Akanywa uji. Bakuli la pili likamlainisha. Akauliza kama Abner atakuwa hivyo siku zote, nikamwambia ni Jumapili asubuhi tu, na siku zingine ni yule yule. Akasema basi afadhali.

Abner aliniita baada ya muda mrefu. Alikuwa amefunua kitambaa, na tochi iko mkononi. Akataka niangalie na mimi. Nikainama, nikapita ganda baada ya ganda, yote hamsini, na katika kila moja baruti ilikaa sawa na ya jirani yake. Niliporudia mara ya pili hakulalamika. Kisha akaanza kubana vichwa kwa mashine, taratibu, na ile shaba ikawa risasi moja baada ya nyingine.

Nilimwambia alete kufuli yake.

Alipangusa mikono, akafunga kopo la baruti, akafunga kabati, akatoka nje. Ndipo akamsalimia Bosire. Alianza mwanzo, nyumba, mama, mguu wa mama, yule ndama dume, shamba, na wakafika barabara wakapita. Salamu hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kibao chote. Niliwaacha, nikaenda kukata mboga.

Sabato iliyofuata Emily alinikuta nje ya kanisa.

"Ni kweli alinyamaza asubuhi nzima?"

"Ni kweli."

"Mtu akimwita kwa jina?"

"Kwa jina, na hodi mara mbili."

Emily akafunga kamba ya kofia yake, akafikiri. "Mama Sylvanus," akasema, "hicho chumba hakina nafasi ya siku nyingine pia?"