Grini Iliyotaka Kukimbia

Siku grini ya tisa, yaani kile kiwanja kidogo kinachozunguka shimo la gofu, ilipoamua kuondoka, Verna Niskanen alikuwa bandani, ameinamia mashine ya kukatia nyasi, ananoa visu vyake hana hili wala lile. Mlango ukafunguliwa kwa teke. Aliyeingia ni Iggy Prelesnik, dereva wa katapila, na hakuwa na kofia. Sasa Iggy kuonekana bila kofia mwezi wa tatu pale mjini Kivela ni habari ya kutosha kusimamisha ibada.

"Bosi, grini yako inaondoka!"

"Inaondoka kwenda wapi?"

"Kuzimu, wapi tena! Hebu inuka, mama!"

Verna aliirusha tupa, akachomoka mbio na aproni yake ya grisi. Alikuwa na miaka sitini na goti moja la bandia, lakini wanaomjua wanasema siku ile goti la bandia ndilo lililotangulia.

Alikuwa na sababu ya kukimbia hivyo. Msimu uliotangulia, majani yalipokuwa yakipukutika, barabara kuu ilipanuliwa ikalimeza shimo la tisa la kiwanja chao cha gofu, lote, na benchi lake na mti wake. Yakabaki mashimo manane. Na nani mwenye akili zake atatoa hela acheze mashimo manane? Ni kama kununua suruali ya mguu mmoja. Kwenye mkutano wa wanachama, mwenyekiti Gordon Vukelich alisimama na kitambi chake mbele, akasema pana mtu anataka kuinunua ardhi aifanye maegesho ya magari ya watalii wanaopiga kambi, basi wauze tu wamalize shughuli.

Verna, aliyekitunza kiwanja kile tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu, alinyanyuka na kipande cha mkate wa iliki mdomoni.

"Nipeni majira haya ya baridi," alisema. "Barafu ikiyeyuka mtalikuta shimo la tisa."

"Utaliweka wapi, Verna? Ardhi imekwisha."

"Majini."

Watu walicheka hadi kahawa ikawatokea puani. Gordon alicheka zaidi ya wote, akalazimika kukaa. Lakini Verna hakuwa anatania, na kwa kuwa kila aliyekuwemo mle ukumbini alikuwa ameshawahi kusaidiwa naye kutafuta mpira vichakani, wakampa alichoomba. Ila kwa sharti: barafu ikiisha na shimo la tisa halipo, kiwanja kinauzwa.

Pale chini ya jengo la klabu pana bwawa. Zamani lilikuwa mgodi wa chuma. Mgodi ukafungwa, maji yakajaa. Ukingoni upande wa kusini, chini ya maji, kuna kibaraza cha mwamba yalikopita magari ya mgodini. Kina chake si cha kutisha: mtu mrefu akimpandisha mwenzake mabegani, yule wa juu atalowa kidevu tu. Lakini kibaraza kikiisha, kimeisha. Hapo ukuta unashuka wima, na hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Iggy alifanya kazi mgodini mle ujanani, na huapa kwamba aliangusha spana siku moja kabla ya harusi yake na hadi leo anasubiri kuisikia ikitua. Wajukuu zake sasa wana ndevu.

Shauri la Verna lilikuwa rahisi. Maji yakiganda, barafu inabeba lori. Basi warundike mawe juu ya barafu, palepale juu ya kibaraza, rundo kubwa kama nyumba. Jua la machipuko likija, barafu italegea, mawe yatazama taratibu, yatatua juu ya kibaraza na vichwa vyao nje ya maji. Mwaga udongo, tandika nyasi, toboa shimo, simika bendera. Kisiwa hicho.

Na baridi ilikuja kweli. Mwezi wa kwanza ukimwaga chai inatua changarawe. Jirani yake Verna alimfokea mumewe nje ya nyumba, maneno yakaganda hewani, mumewe akayasikia mwezi wa nne alipokuwa ameshajirekebisha. Ardhi ilikaza kama sakafu, na hapo ndipo kazi za kiwanja zinaponoga, kwa maana gari zito likipita haliachi hata alama kwenye nyasi. Waliangusha misonobari iliyokuwa ikiitia kivuli grini ya nne, wakachimbua mifereji, wakajaza mchanga mpya kwenye mashimo ya kutegea mipira. Kisha wakageukia mawe mekundu yaliyobaki mgodini, ambayo hayakuwa na mwenyewe.

Iggy alikuwa akiendesha tipa juu ya barafu mlango wazi, nusu ya makalio nje, tayari kuruka. Barafu iliguna kama ng'ombe anayezaa.

"Nikizama," alikuwa akimpigia Verna kelele, "mwambie mke wangu Bernice sauna ya mvuke nimeiacha inawaka!"

"Nitamwambia. Na nitaioga mimi!"

Rundo lilikua. Mwishoni mwa mwezi wa pili jua likaanza kuchomoza kwa ujeuri, na Verna akaingiwa na wasiwasi kwamba barafu itavunjika kabla tipa ya mwisho haijafika. Hapo ndipo alipopata wazo ambalo mtu mwingine asingelipata. Bibi yake alikuwa akihifadhi barafu mwaka mzima ghalani kwa kuifunika unga wa mbao. Na unga wa mbao ulikuwa tele, wa ile misonobari. Wakaumwaga kuzunguka rundo lote, mpana na mnene kama godoro. Verna akajipigapiga kifua. Alitembea mji mzima akiwaeleza watu jinsi alivyolilaza jua usingizi.

Kumbe alikuwa amelilaza mno. Barafu iliyobeba mawe ilibaki imara kama siku ilipozaliwa, huku ya pembeni, isiyofunikwa, ikiyeyuka kimyakimya. Na asubuhi hiyo ukavuma upepo wa joto kutoka kusini, wenye harufu ya matope. Barafu yote ikabanduka ukingoni, nzima, kama chapati inayoachia kikaango. Ikaanza kuelea kuelekea kaskazini, na rundo la mawe juu yake limekaa kama abiria aliyelipa nauli.

Hayo ndiyo aliyoyaona Verna alipofika ukingoni anahema. Kati ya ufuko na barafu palikuwa na mkanda wa maji meusi, na mkanda ulikuwa unapanuka.

"Imesogea kiasi gani?"

"Hatua chache tu," alisema Iggy. "Ila kibaraza kimebakiza chache vilevile. Ikivuka pale, bosi, mawe yote yanaifuata spana yangu."

Verna alisimama sekunde moja tu. Halafu akajikuta anacheka, kicheko cha mtu aliyepewa farasi mwitu na kuambiwa panda.

"Lete katapila! Lete ile kebo ya mgodini! Na ile keekee yako ya kutobolea barafu ukivua samaki!"

"Unataka kufanya nini?"

"Kuifunga!"

"Kuifunga barafu? Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, Iggy, kimbia!"

Alinyakua chensoo, ule msumeno wa injini, kutoka kwenye pikapu, akarudi nyuma, akakimbia, akaruka. Goti la bandia lilifika kwanza. Iggy akarudi na katapila likinguruma, akamrushia keekee na ncha ya kebo iliyofungwa katikati ya nondo nene. Verna akatoboa barafu, akaitumbukiza nondo kwa wima, na ilipopita chini akavuta kebo: nondo ikakingama chini ya barafu, ikashika. Iggy akaiviringisha ncha nyingine kwenye katapila, akapanda kitini, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Kebo ikanyooka. Ikalia *ting!* mji mzima ukasikia. Barafu ikasimama.

"Imeshika!" Iggy alipiga ukelele. "Imeshika, mama we! Nimevua ziwa zima!"

Watu wakaanza kumiminika kutoka kwenye klabu, wengine na vikombe mkononi. Gordon Vukelich alishuka mteremko na kipande chake cha sambusa kubwa ya nyama na viazi, anatafuna.

"Mnafanya nini na kebo hiyo?"

Kabla hajajibiwa upepo ukaongeza nguvu. Katapila likaanza kuteleza. Minyororo yake ilichimba matope, polepole, kuelekea majini, na Iggy juu yake macho yamemtoka.

"Ni jepesi! Linavutwa! Tunataka uzito!" Akamwona Gordon. "Mwenyekiti! Panda!"

"Nipande wapi?"

"Popote! Leo kitambi chako kina kazi, panda!"

Na Gordon, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akiulizia bei ya ardhi, alijikuta anakwea lile dude, sambusa imebanwa katikati ya meno. Watu wengine wakamfuata, wakaning'inia kila mahali kama popo. Katapila likasita. Likazama kidogo matopeni. Likasimama.

Huko barafuni Verna alikuwa ameshaiwasha chensoo. Kama barafu haitaki kuyaachia mawe kwa hiari, atayakatia njia. Alianza kulizunguka rundo akikata, maji na vipande vya barafu vinamrukia usoni, unga wa mbao unamganda kwenye nywele hadi akawa kama mkate uliopakwa ufuta. Upanga wa chensoo ulizama wote na kuugusa mwisho wa barafu kwa shida. Upande wa kwanza ukakatika. Wa pili. Alikuwa anapiga mayowe, hata yeye hakujua anasema nini. Walioko ufukoni walisikia majina ya watakatifu na maneno mengine yasiyokaa nao meza moja.

"Verna! Kebo inachanika!" Iggy aliita. "Nyuzi zinaruka!"

"Ishike!"

"Naishika na nini, na meno?"

"Na meno ya mwenyekiti!"

Upande wa tatu. Chensoo ikakohoa, ikataka kuzima, akaitukana, ikaona aibu ikaendelea. Zikabaki kona mbili. Rundo lilikuwa linatikisika sasa, mawe ya juu yanagongana. Akajua likizama likiwa limeinama upande wa kaskazini litabingirika kuzimu hata kama limetua kibarazani. Akahama. Badala ya kona iliyo karibu naye akakimbilia ile ya kusini, ili mawe yaanze kuangukia upande wa ufuko. Akaikita chensoo kwa uzito wake wote.

Kebo ikakatika.

Ililia kama mjeledi juu ya vichwa vya watu, na wote waliokuwa kwenye katapila wakadondoka matopeni kwa mpigo mmoja. Barafu ikaruka mbele. Na katika mruko huohuo kona ya mwisho ikaachia.

Nyumba nzima ya mawe ikaenda chini. Sauti yake iliingia tumboni kabla ya masikioni. Maji yakapanda juu kama mti, yakasimama pale juu kidogo, yakitafakari, halafu yakashuka yote, na wimbi lililofika ufukoni lilimwosha Gordon matope upande mmoja tu.

Barafu, sasa nyepesi na yenye tobo katikati, ikaondoka kwa kasi kuelekea kaskazini. Verna alikuwa juu yake, chali, chensoo kifuani, haoni kitu kwa maji yaliyomjaa machoni.

"Imekaa?" aliita. "Jamani, imekaa?"

Pale mawe yalipozama palikuwa panachemka tu, povu na unga wa mbao. Iggy aliweka kiganja sikioni, kana kwamba atasikia. Povu likapungua. Maji yakazunguka, yakatulia.

Kikatokeza kichwa chekundu. Kisha cha pili. Wimbi liliporudi nyuma ukaonekana mgongo mzima wa mawe, mrefu, umepinda kidogo, umekaa kwenye ukingo wenyewe wa kibaraza, ukuta wa kuzimu ukianzia mara tu nyuma yake. Haukutikisika.

"Imekaa!" Iggy alirusha mikono. "Imekaa, bosi! Imekaa kama mama mkwe!"

Ufuko mzima ukalipuka. Watu walikumbatiana na matope yao. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani tangu ugomvi wa mpira uliopotea walikamatana mabegani wakacheza dansi ya polka. Verna alisimama juu ya barafu yake, akainua chensoo juu ya kichwa kama kombe, akaanguka, akasimama tena.

Gordon peke yake hakupiga kelele. Alikuwa anakitazama kisiwa kwa jicho moja, lingine amelifumba.

"Kiko mbali kuliko nilivyodhani," alinung'unika. "Umbali ule na upepo huu… halafu nyuma yake kuzimu."

Alikwenda garini kwake, akafungua buti, akarudi na fimbo moja ya gofu na mfuko wa koti umetuna kwa mipira. Akakanyaga theluji iliyobaki hadi ikalala, akauweka mpira juu yake. Akapiga.

Mpira ulipanda kwenye anga la kijivu, ukakaa huko, ukashuka. *Ko!* Ukagonga jiwe, ukaruka juu, ukatumbukia upande wa pili, kule kusikokuwa na mwisho.

"Nimekigonga," Gordon alisema polepole. Kisha kwa sauti kubwa, "Mmeona? Nimekigonga! Subirini, subirini, mkono ulikuwa baridi."

"Mwenyekiti!" Sauti ya Verna ilifika nyembamba kutoka katikati ya bwawa, na barafu ilikuwa inaanza kupasuka miguuni pake. "Leteni boti!"

"Inakuja, Verna, inakuja!" Gordon alikuwa ameshainama kuuweka mpira mwingine. "Iggy, mletee boti mama wa watu. Na ukipita pale, nitazamie bendera itakaa vizuri upande gani."