Gari la Jina la Santillan

Kila siku ya hospitali Delfina aliamka kabla ya mumewe, Florante, akafungua boneti ya kigari chao cha buluu na kutazama rejeta. Kila mara maji yalikuwa yamepungua, na kila mara chini ya gari palikuwa pakavu. Hicho ndicho kilichomtisha, maji yanayopotea bila kuvuja. Asubuhi hiyo alifungua pia kifuniko cha oili, akakuta utando mweupe umeganda ndani yake kama uji uliolala. Aliupangusa kwa kitambaa Florante asije akauona, akakisukuma chini ya kiti, akafanya ishara ya msalaba, akajaza maji.

Alijua ni nini. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kiwanda kinayaita magari ya aina hiyo yarudi kutengenezwa bure. Gasketi inayokaa chini ya kichwa cha injini ilitoka na kasoro. Ikiungua, maji huingia kwenye oili na injini huweza kuzima njiani. Mpwa wake alitafuta namba ya chesisi kwenye simu, akaikuta imo kwenye orodha. Delfina akapiga gereji ya kampuni, mjini Baguio. Binti aliyepokea alikuwa mpole, aliuliza tu kama anayezungumza ndiye mwenye gari. Delfina akakata simu.

Maana kwa serikali mwenye gari alikuwa Melchor Santillan wa Urdaneta, mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Santillan alimuuzia dalali, dalali akamuuzia Manong Temyong, manong likiwa neno la huko la kumheshimu kaka au mzee, Manong Temyong akawauzia wao, na wote walipokezana hati ile ile yenye sahihi ya Santillan, nafasi ya mnunuzi ikiwa imeachwa wazi. Huko milimani karibu kila mtu hununua gari hivyo, akakwepa foleni na ushuru wa kubadilisha jina. Manong Temyong alisema jina halisukumi gari, wakacheka, padri akaja kulinyunyizia maji ya baraka, mambo yakaisha.

Sasa Delfina aliogopa kwamba akilipeleka gari gereji wataulizwa Santillan yuko wapi, na gari litazuiwa. Figo za Florante zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki ilibidi ashushwe mjini kusafishwa damu, na akikosa siku moja maji yalimjaa mapafuni. Basi Delfina alinyamaza. Alijaza rejeta na kusali, na moyoni alijua kwamba anamwomba Mungu afanye kazi ambayo yeye mwenyewe ameikimbia.

Waliondoka ukungu ukiwa umekaa juu ya barabara. Kwenye mteremko mshale wa joto ulitulia. Walipoanza kupanda tena, ukasogea juu. Delfina aliwasha hita mpaka mwisho ili ivute joto litoke kwenye injini, na hewa ya moto ikawapiga usoni.

"Mbona unanipika?" Florante aliuliza. Alikuwa amevaa koti la sufu na kofia.

"Nakukausha maji. Hospitali wakute kazi kidogo."

Alicheka, lakini kicheko kikakatwa na kikohozi. Tangu jana usiku alikuwa akilala ameketi. Delfina alimsikia anavyovuta pumzi, fupi fupi, bila yeye kuondoa macho kwenye mshale. Salamu Maria, umejaa neema. Mshale ukagusa nyekundu. Harufu tamu kama ya sukari inayoungua ikaingia ndani, na kwenye kioo cha nyuma hakuona barabara tena, ila moshi mweupe uliochanganyika na ukungu.

Gari likapoteza nguvu katikati ya kona. Likatetemeka, likazima. Kulia kwao ulikuwa ukuta wa mwamba, kushoto barabara, na ng'ambo ya barabara bonde lisiloonekana.

Alivuta breki ya mkono, akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani kuwaonya madereva. Aliporudi, Florante alikuwa ameshika kile kitambaa chenye utando mweupe. Alikuwa amekitoa chini ya kiti.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Kwaresima."

Florante alitazama mbele, kwenye kioo kilichojaa mvuke. "Na ukawa unanipakia humu."

Delfina alimfungulia mlango, akamketisha kwenye jiwe kando ya mwamba, mbali na gari. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Kisha wakasikia lori linakuja nyuma yao, injini yake ikinguruma mahali fulani ndani ya ukungu, na taa hazikuonekana. Delfina akavua sweta lake jekundu, akakimbia kurudi nyuma mpaka mwanzo wa kona, akasimama barabarani akilipunga. Mungu wangu, anione. Taa zikatokea karibu kuliko alivyotarajia. Breki zikalia, lori likateleza kidogo, likasimama mbele yake likinuka mpira.

Lilikuwa lori la kabeji. Dereva alishuka akitukana, akamwona Florante, akaacha. Akasema kwa haraka kwamba anaelekea mjini, na ndani kuna nafasi ya mtu mmoja. Wakampandisha. Delfina hakuweza kwenda hata angepata nafasi, maana gari lilikuwa limelala kwenye kona, na atakayefuata angeligonga. Florante hakumuaga. Mlango ukafungwa, ukungu ukalimeza lori.

Akabaki peke yake na sweta mkononi. Namba ya Santillan alikuwa nayo siku zote, Manong Temyong alimpa, naye akaihifadhi kwenye simu kwa jina "Usipige." Sasa akaibonyeza.

Sauti ya mzee ikaitika. Delfina akamtajia namba ya gari.

"Amekufa nani?" mzee akauliza.

"Hajafa mtu, Manong. Gari limezima. Mume wangu mgonjwa."

Alimsikia akishusha pumzi, kisha akisema jina la Yesu polepole. Ndipo maneno yakamtoka. Kampuni ilikuwa ikimwandikia juu ya gasketi, wala hakujua gari liko wapi. Dalali alikuwa amebadilisha simu. Na kwa sheria, gari likiua mtu, anayetafutwa ni mwenye jina.

"Namba nisiyoijua ikipiga, siwezi kula siku hiyo," alisema. "Wewe ndiye nimekuwa nikikuogopa, manang, dada yangu, na hata sura yako siijui."

"Na mimi nilikuogopa wewe."

"Basi tulikuwa wajinga wawili. Kesho napanda basi, tukaweke sahihi mbele ya wakili, kampuni ikutengenezee. Usiliwashe tena, unasikia? Na usikae ndani yake."

Aliahidi. Alirudi mwanzo wa kona na kuanza kupunga tena. Magari mawili yalipita polepole. Dereva wa pili akasema ataita watu wa kulivuta. Baridi ilimwingia mifupani. Hakusali tena kwa ajili ya gari. Alisali kwa ajili ya pumzi moja, na inayofuata, na inayofuata.

Simu ilipolia, jina la Florante likaonekana, na kwa kitambo hakuthubutu kupokea, maana simu ya mtu huweza kupigwa na mtu mwingine.

"Delfina." Ilikuwa sauti yake, dhaifu, na nyuma yake mashine ikivuma. "Wamenifunga kwenye mashine. Nesi ananilalamikia nanuka kabeji."

Alikaa chini barabarani, kisha akakumbuka kona, akasimama.

"Bado nina hasira na wewe," Florante akasema.

"Kaa nayo. Nakuja."

"Usije na lile gari."

"Haliendi popote," alisema, akainua sweta, maana taa nyingine zilikuwa zinakuja ndani ya ukungu.