Sura ya Mama Ernestine

Hapa Kasulo, mtaani kwetu Kolwezi, kamera si kitu kigeni. Mi nazikumbuka zote. Zilikuja mwaka ule watu walipochimba kobalti chini ya vitanda vyao, zikaja tena shimo lilipomeza vijana, na kila aliyeshika kamera alisema dunia itaona. Dunia imeona mpaka imechoka, na sisi bado tunalala ndani ya nyumba zilizopasuka.

Nyumba ya Mama Ernestine ndiyo mbaya kuliko zote. Kampuni ya mgodi ikilipua mwamba upande wa pili wa uzio, sufuria zinaruka jikoni kwake. Ukuta wa chumba cha kulala umepasuka kutoka juu mpaka chini. Unaweza kupitisha mkono ukamsalimia jirani. Alidai kitu kimoja tu: kampuni imhamishie kwenye nyumba nzima kabla ya mvua.

Ndipo akaja Noëlla na kamera, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akifanya staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye shirika moja la habari za haki za binadamu pale mjini. Kazi yake ilikuwa uhusiano na nchi za nje: kuwaandikia Wazungu wanaonunua shaba na kobalti, kuwatafsiria maneno yetu. Mtoto mwenye heshima, anakaa chini na kula bukari yako, ugali wetu wa hapa, bila kukunja pua. Mama Ernestine alivaa kitenge chake cha wamama wa parokia, akasimama mbele ya ule ufa, akataja jina lake, jina la baba yake na mtaa wake. Alisema vizuri kuliko mbunge yeyote niliyewahi kumsikia, na mi nimewasikia wengi.

Filamu ilipotoka, kichwa chake kilikuwa wingu la kijivu. Sauti waliishusha ikawa ya mwanamume aliyelewa. Jina, hakuna.

"Miye niliiba nini?" aliuliza Mama Ernestine. "Juu ya nini munanificha sura?"

"Ni kanuni ya shirika, mama," Noëlla alisema, macho chini. "Ni ya kukulinda. Kampuni isikujue."

Nilicheka kwa hasira. "Mutoto, kitenge mumeacha. Mulango yake ya rangi ya buluu mumeacha. Ufa mumeacha. Hata imbwa ya jirani Mbuyu imepita mule mu filme! Kasulo yote inamujua, kampuni inamujua. Mwenye hamujui ni ule Muzungu tu, na ni yeye tulikuwa tunaambia!"

Baadaye nilisikia kwamba Noëlla alimwendea mkurugenzi wake, Tata Mathieu, akamwomba sura irudishwe. Tata Mathieu alimjibu kuwa wafadhili hawapendi, na kuwa mtu wa staji hana maoni, ana cheti cha kungojea. Bila kile cheti asingemaliza chuo. Wote wawili walilijua hilo.

Siku ya kikao na wanunuzi tulijaa kwenye ukumbi wa shirika. Wanunuzi walikuwa kwao Ulaya, nyuso zao zimepangwa kwenye skrini. Mlangoni alisimama Gael, msemaji wa kampuni, kijana wa hapa hapa Kolwezi, viatu vinang'aa.

"Bonjour, Mama Ernestine!" Alimpa mikono miwili. "Tulikuona mu filme. Ulisema muzuri, kweli. Na ile mulango yako! Tukasema, ah, huyu ni mama yetu wa Kasulo."

Noëlla alikuwa nyuma yao, amekumbatia nyaya za maikrofoni. Alisikia. Mi pia nilisikia.

Filamu ikaonyeshwa. Gael akashika maikrofoni, Noëlla akitafsiri kando yake kwa maikrofoni ya pili.

"Kampuni inasikitika sana," alisema. "Tungependa kusaidia. Lakini huyu mtu ni nani? Hana jina, hana sura. Pengine si wa Kolwezi. Kwa sauti ile, pengine ni mwanamume."

Watu wengine wakacheka. Mama Ernestine akasimama. "Ni miye! Ule mutu ni miye!"

Mwanamke mmoja kwenye skrini aliuliza jambo. Noëlla akatuambia: "Anauliza shirika kama ni kweli ni yeye."

Tata Mathieu aliwahi kujibu. "Kwa usalama wa mashahidi, shirika halithibitishi mtu yeyote." Akamkazia Noëlla macho. "Tafsiri hiyo, basi."

Noëlla alitafsiri hiyo. Halafu hakuiachia maikrofoni. Kiingereza changu ni cha kuokoteza redioni, ila nilisikia "Ernestine", nikasikia "Kasulo", na kidole chake kikaanza kuinuka kuelekea kwa Gael. Hapo Tata Mathieu akachomoa waya wa mtandao. Zile nyuso zote zikazimika.

"Rezo imekata," alisema, kana kwamba mtandao umekatika wenyewe. "Munajua Kolwezi yetu. Courant, umeme huu."

Taa ilikuwa bado inawaka juu ya kichwa chake. Feni ilikuwa bado inazunguka.

"Bale Bazungu balisikia?" Mama Ernestine aliuliza.

"Sijue, mama," Noëlla alisema. "Pengine nusu."

"Leta beji," Tata Mathieu alimwambia. "Staji yako imeisha. Na cheti, sahau."

Aliivua shingoni, akaiweka mezani. Watu walianza kunyanyuka, viti vikapangwa kimoja juu ya kingine. Mama Ernestine tu hakusogea.

"Tata Mathieu, rezo ikikata, inarudiaka, si vile?"

"Inarudi, mama, lakini..."

"Basi naingojea."

Akaketi kiti cha mbele kabisa, uso wake mbele ya skrini nyeusi, akakaza kitenge. Noëlla akaja kukaa kando yake. Gael alikuwa ameshafika mlangoni.

"Weye pia ngojea," nilimwambia. "Bazungu barudie kukusikia ukisema haumujui huyu mama."

Alimtazama Tata Mathieu. Tata Mathieu aliutazama waya mkononi mwake. Aliyetuambia rezo imekata angewezaje kutuambia haitarudi?

Nilivuta kiti.