Chozi Lililong'aa

Kila alasiri mama hurudia video ile ile ya muziki, na mwanawe, fundi taa aliyeimulika, hukaa kando yake akijifanya anachezea simu. Anayeimba ni mdogo wake fundi, aliyejitoa uhai wiki mbili baada ya kuirekodi.

Watu walimmiminia fundi sifa kwa taa yake moja, aliyoiweka kushoto hata nusu ya uso ikamezwa na giza. Siku ile kamera ilipomsogelea mwimbaji na chozi likashuka, fundi alisema moyoni kwamba dogo kaiva. Akainamisha taa kidogo, chozi likameremeta.

“Usifute,” akamwambia. “Tunarudia.”

Wakarudia mara tano, na mara zote tano chozi lilikuja.

Leo mama ameisimamisha picha hapo hapo.

“Hivi mlimtia nini machoni?”

“Matone ya gliserini, Mama. Yale ya kuwaliza waigizaji.”

“Afadhali.” Mama akashusha pumzi. “Nilikuwa naogopa kuuliza.”

Fundi akaenda chumbani, akafungua begi lake la kazi. Kichupa cha gliserini kilikuwa pale pale alipokiweka siku ile, na utepe wa dukani ungali umezunguka kifuniko.