Nyundo ya Sukari

Lalla Zhor, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwamba marehemu Hajja Rkia hajaondoka. Kila alasiri, anasema, bibi huyo huvunja sukari jikoni kama zamani: ko, ko, ko, kisha kimya. Hapo ndipo wajukuu zake wawili wanapopiga mayowe.

"Nyumba ile ina wenyewe," humalizia. "Wapelekeni wale watoto wakafungwe kamba kwa walii, mpaka jini liwatoke."

Maneno hayo yalimwingia Maati, baba yao. Akaagiza gari lije Alhamisi alasiri. Watoto hao, Anas na Widadi, wakaachwe huko kwenye kaburi la walii.

Alhamisi ilipofika, Batuli alikuja kumsaidia dada yake Ghizlane, mama wa watoto, kufunga nguo zao. Hakuupinga uamuzi wa shemeji yake. Alikaa jikoni, akatazama.

Ghizlane alizima televisheni, akamshika Anas mkono aje kula. Mtoto akachomoka, akakimbilia ukuta wa jikoni, akaugonga kwa paji la uso: ko, ko, ko. Akatulia, ametega sikio, kama anayesubiri kujibiwa. Alipokosa jibu akaanza upya, kwa nguvu. Widadi naye akajing'ata mkono, akapiga mayowe.

Batuli nywele zilimsisimka. Mapigo yale aliyajua. Marehemu mama yao, Hajja Rkia, hakuwa akivunja bonge la sukari kwa ajili ya chai tu. Kabla ya kula, kabla ya kuoga, kabla ya kulala, aligonga kwanza, kisha akawasubiri wajukuu wake.

"Dada, nyundo ya mama iko wapi?"

"Nimeifungia. Siku hizi nanunua sukari ya vipande. Ule mlio siuwezi tena, mdogo wangu."

"Wao wanautafuta. Itoe."

Ghizlane akaitoa sandukuni, imeviringishwa kwa shela ya marehemu. Akagonga sinia: ko, ko, ko.

Mayowe yakakatika. Watoto wakaja wenyewe, wakakaa mezani, wote wawili wakikodoa macho mlangoni, pale bibi yao alipozoea kusimama. Ghizlane hakuthubutu kugeuka.

"Si niliwaambia!" Lalla Zhor akapaza sauti ng'ambo ya ukuta. "Huyo! Amerudi huyo!"

Nje gari likapiga honi. Maati akaingia, akainua mfuko wa nguo.

"Shemeji," Batuli akamnyooshea nyundo, "wanataka kuambiwa mapema tu kitakachofuata. Gonga mwenyewe uone, halafu mwambie dereva aende zake."

Maati aliitazama nyundo, akalitazama paji la mwanawe lililovimba. Honi ikalia tena.