Saileji ya Maman Épiphanie

Uwimbabazi alifungua shimo la saileji, chakula cha ng'ombe kilichofukiwa kichachuke, Jumanne asubuhi, baada ya kumnyonyesha Gisa na kumfunga mgongoni. Akaondoa mawe, akakunja nailoni upande mmoja tu, ili hewa isiharibu yatakayobaki. Chini yake mahindi na fiwi, yale maharagwe yanayopanda bua, yalikuwa yamegeuka rangi ya zeituni na kunukia uchachu mtamu. Saileji nzuri. Alipochota kikapu cha kwanza, mama mkwe wake akakohoa humo ndani.

"Kanyaga, Maman Gisa, hewa isibakie! We unakanyaga kama bibi arusi."

Mama mkwe huyo, Épiphanie, alikuwa na wiki tano kaburini. Lakini siku ya kujaza shimo walikanyaga wote wawili, pekupeku, kutwa nzima, na mama yule hakunyamaza hata kidogo. Maneno yakashindiliwa pamoja na majani, yakafunikwa, hayakuoza. Uwimbabazi akamwaga kikapu horini. Ng'ombe akala.

Jumatano yalitoka malalamiko ya goti. Alhamisi ikatoka hii:

"Hii shamba naachia we. We ndiye unalima. Sebagabo iko na duka yake kule Nengo, imutoshe."

Uwimbabazi akakaa chini. Sebagabo, shemeji yake, alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama shamba hilo la Nyakiriba. Mumewe alikufa kabla hawajaandikisha ndoa, na hati ya shamba ilikuwa na jina la marehemu Épiphanie peke yake. Akafunika kikapu kwa kitenge, akakipeleka kwa Habumugisha, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao, naye akamwita Sebagabo.

Kitenge kilipofunuliwa, maneno yakatoka tena, yote.

"Ni Maman kabisa," Sebagabo alisema, akivua kofia.

"Ni yeye," Habumugisha akakubali. "Bon. Iko na sahihi?"

Haikuwepo.

"Na shahidi?"

"Mi nilikuwa. Na Gisa."

"Huyu iko na miezi ngapi?"

"Kumi."

Habumugisha akaandika kwamba maneno yamesikika vizuri, na kwamba shamba ni la Sebagabo. Akapiga muhuri. Akamwambia Uwimbabazi awahi kurudisha kikapu, kisije kikakauka.

Njiani Sebagabo akamsaidia kukibeba. Alichovya pua ndani mara mbili.

"Shemeji, ng'ombe yangu imekonda sana. Ukihama, hutaweza kubeba shimo yote. Nipatie hata gunia moja, tafadhali."

Uwimbabazi alikuwa amechoka mno kubishana. Alishindilia kiganja kimoja cha saileji ya kikapuni kwenye chupa ya uji ya Gisa, akakaza kifuniko, akaiweka chini ya nguo za mtoto. Kisha akajaza gunia, na iliyobaki kikapuni akaitia humo.

Jioni, uani kwa Sebagabo, gunia lilipofunguliwa, Épiphanie akasema tena shamba ni la nani.

"Ndiyo, Maman," Sebagabo akajibu kwa heshima, akaendelea kumimina horini.